Baiskeli Tupu Hadi Itaka

Jumamosi, jioni. Niko Itaka. Upepo uliovuma tangu asubuhi umetulia, lakini miguu yangu haijatulia. Nimekaa kwenye kiti cha Mzee Haonga na bado naona kama nyayo zinatafuta pedali.

Nimefika.

Naanza na hilo kwa sababu kuna watu Tunduma waliosema sitafika, na baadhi yao wanasoma hapa kwenye simu zao wakisubiri malori.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mbeba mizigo pale mpakani. Lori likitaka kushushwa au kupakiwa, sisi ndio tunaoitwa. Saruji, mahindi, mbolea, sabuni. Kwetu ni Mpunguzi, Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo ukikuta nimekosea mahali, endelea tu mbele.

Baba alipofariki, ndugu walikubaliana shamba lake la zabibu liuzwe. Mimi ni wa mbali, na wa mbali husikilizwa mwisho. Sikubishana. Lakini kabla ya kupanda basi la kurudi huku nilipita shambani nikakata vipando vinne, nikavifunga ndani ya gunia lililoloweshwa maji, nikavipakata njia nzima kama mtoto. Chumba changu Tunduma hakina hata mahali pa kupanda kitunguu. Nikamletea Mzee Haonga.

Mzee Haonga ni mkulima wa kahawa hapa Itaka. Tulijuana alipokuwa akileta mahindi mpakani. Siku moja, baada ya kumshushia magunia, aliniambia nikae tule wote. Hakuniuliza kabila langu hadi tulipomaliza kunawa. Tangu siku hiyo nina nyumba ya kufikia huku ugenini.

Vipando viwili viliuawa na baridi ya mwezi wa sita wa kwanza. Viwili vikashika. Mwaka huu mwezi wa saba nilikuja nikavipogoa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kwetu mzabibu usipokatwa karibu wote hauzai. Hapa mbuni, mti wa kahawa, unaachwa mpaka uzeeke ndipo ukatwe. Nilipomaliza kazi yangu vilibaki vigongo viwili vimesimama kama vidole. Mama Neema, mke wa Mzee, alivitazama, akanitazama mimi, akaingia ndani. Chai ya siku ile nilikunywa na Mzee tu, na hata yeye aliinywa akiangalia pembeni.

Juzi Alhamisi Mzee akanipigia. Alisema kahawa ya mwisho imekuwa nyingi, vichanja vya kuanikia havitoshi, na anataka kujenga kingine nyuma ya nyumba. Yaani pale penye mizabibu. Alisema ameipa muda, haijaonyesha dalili yoyote ya kuzaa, na Jumamosi wataing'oa. Nilimwomba asubiri nifike. Akasema ukifika kabla ya jembe tutazungumza, halafu mtandao ukakatika. Nilipojaribu tena simu yake haikupatikana, na ndivyo ilivyokuwa mpaka leo.

Vile vigongo viwili ndivyo vilivyobaki vya shamba la baba. Mtu mwingine ana ardhi yake, ana hati yake. Mimi nina vigongo viwili kwenye uwanja wa mtu.

Ningeweza kupanda basi mpaka Vwawa halafu bodaboda. Mwezi wa saba nilifanya hivyo, na basi lilikaa nyuma ya foleni ya malori mpaka abiria wakashuka kuchuma majani ya kukalia. Tena, niseme ukweli, mimi lami naiogopa. Msimu wa mvua uliopita trela la lori lilinipangusa bega nikiwa kwenye baiskeli, likanitupa mtaroni pamoja na mkungu wa ndizi. Dereva hakujua kama aligusa mtu. Tangu hapo baiskeli yangu ilikuwa imening'inia ukutani na mimi nikawa mtu wa kutembea kwa mguu, nikijiambia kwamba napenda kutembea.

Jana niliishusha. Nikaipaka mnyororo mafuta, nikaziba pancha, nikamwambia Simbeye kwamba naenda Itaka na sitakanyaga lami.

Simbeye tunabeba naye mizigo. Ni Mnamwanga wa palepale Tunduma, na utani wake hauna likizo. Alitangaza mbele ya wenzetu wote kwamba Mgogo anajulikana kwa kutembea nyuma ya ng'ombe, sasa huyu baiskeli ataipeleka malishoni? Wakacheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu anayetoka Tunduma kwa vichochoro ataonekana amebeba magendo, na kwamba nikikamatwa nisimtaje. Halafu akaniazima pampu yake. Ndivyo alivyo.

Niliondoka kukiwa kunapambazuka. Baridi ya Tunduma mwezi wa tisa inapasua midomo. Lami niliivuka mara moja, nimeshuka, naisukuma baiskeli katikati ya lori na lori, huku madereva wakipiga mswaki kwenye ngazi za malori yao. Nikashika njia ya waenda kwa miguu kando ya reli. Mwanzoni masikio yangu yalikuwa bado yanasubiri honi nyuma. Kila nikisikia upepo nilibana breki.

Sijui ni wapi niliacha kubana breki.

Nakumbuka tu kwamba kuna mahali niliiacha reli nikaingia kwenye mashamba yaliyovunwa, mabua ya mahindi pande zote, na njia yenyewe nyembamba kama mkanda, imesuguliwa na nyayo mpaka imekuwa ngumu na laini. Tairi zilikuwa hazitoi sauti. Nilisikia mnyororo. Nilisikia pumzi yangu. Nilisikia mama mmoja akimwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na yule mwenzake akiitika, na mimi nipo katikati ya mazungumzo yao bila wao kujua.

Miaka yote niliyokaa huku sikuwa nimewahi kuisikia nchi hii. Nilikuwa nasikia injini.

Nifafanue jambo ambalo msomaji wa mjini anaweza asilielewe. Mimi kazi yangu ni kuwa na kitu kichwani au mgongoni. Hata baiskeli, nilipokuwa nayo, ilikuwa ya kubebea. Leo ilikuwa tupu. Kwenye keria palikuwa na mfuko mdogo tu: mkate, chupa ya maji, pampu ya Simbeye, na mkasi wa kupogolea ambao ulikuwa wa baba. Kwenye miteremko niliachia miguu ikaning'inia, na shati likajaa upepo mgongoni, mahali ambapo kwa kawaida kuna saruji. Nilicheka peke yangu. Mtu mzima, nina mvi, nacheka porini.

Huku ukikutana na mzee njiani hupiti ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unasalimia, unaisukuma mpaka umpite, ndipo unapanda. Nilifundishwa hilo na Mzee Haonga mwenyewe, na nalifuata hata nikiwa na haraka. Penye njia panda nilikutana na bibi mmoja ana mzigo wa kuni kichwani. Nikashuka. Nikachuchumaa kidogo, nikapiga makofi taratibu kama wafanyavyo wao, nikamwamkia. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tunduma. Akauliza nimebeba nini. Nikasema sijabeba kitu. Akaizunguka baiskeli yangu akaiangalia nyuma na mbele.

"Tunduma magari yote yale," akasema, "na wewe umekuja kwa nguvu za magoti?"

Alicheka mpaka kuni zikatikisika. Lakini ndiye aliyeniambia nisiende kushoto, njia niliyokuwa nataka kuishika, kwa sababu huko kivuko kilichukuliwa na maji tangu masika. Nipite kulia, msituni. Nikamshukuru, nikaisukuma mpaka nikampita.

Msituni.

Sijui niandikeje hapa. Mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaja, miombo huchipua, na majani yake mapya si ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama chai ya rangi ukiishikilia juani. Nilikuwa nayaona kwa mbali nikiwa juu ya malori nikidhani ni vumbi. Leo nilipita ndani yake. Jua lilikuwa limeshapanda na mwanga wote ulioanguka njiani ulikuwa mwekundu, mikono yangu myekundu, tairi nyekundu. Mizinga ya nyuki ilikuwa imening'inizwa juu ya matawi. Nilikutana na waendesha baiskeli wawili tu, wameshindilia magunia ya mkaa mpaka wao wenyewe hawaonekani, wanasukuma kwa bega. Niliwapisha. Mmoja aliangalia keria yangu tupu akatikisa kichwa, kama mtu aliyeona ubadhirifu.

Nilitaka kusimama nipige picha. Nikakumbuka jembe la Mzee Haonga. Nikakanyaga.

Mwisho wa msitu, pale mashamba ya kahawa yanapoanza, kulikuwa na kizuizi. Mti umelazwa juu ya mawe mawili, na mgambo wa kijiji amekaa kwenye kivuli. Msimu huu wanalinda kahawa isitoroshwe shambani. Nilimsalimia. Akaniuliza nimebeba nini. Nikasema sina kitu. Akasimama.

Mtu akibeba gunia, alinieleza, yeye analikagua, anamaliza. Ila baiskeli tupu ndiyo inayomtia wasiwasi, kwa sababu hakuna mtu anayetoka Tunduma mpaka huku na baiskeli tupu ila anakuja kuchukua kitu. Nikamwambia nimekuja kuona mizabibu. Akaniangalia. Nikasikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyo ya ajabu. Akafungua mfuko wangu, akautoa mkasi, akauinua juu.

Nilieleza. Baba, Mpunguzi, vipando, kichanja, jembe. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, huku naangalia kivuli cha kizuizi kinavyofupika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, kama hizo zabibu ndizo zile zinazotengenezwa divai ya Meza ya Bwana. Nikasema ndizo. Akaurudisha mkasi mfukoni.

Halafu akaingia kibandani akatoka na kuku.

"Kwa kuwa huna mzigo," akasema, "mpelekee dada yangu. Karibu na mashine ya kukoboa. Uliza mama Tito."

Basi safari yangu ya kutobeba kitu iliishia pale. Tetea mwekundu, amefungwa miguu, kaning'inia kwenye usukani. Kila nikiruka shimo alilalamika. Kwenye mteremko wa mwisho aliweka mabawa wazi, nami nikaweka viwiko wazi, tukashuka Itaka wote wawili kama tunaruka.

Mashamba ya kahawa ya huku yamepangwa mistari juu ya vilima, na kwa mbali, ukikaza macho, unaweza kudhani ni kwetu. Mistari ni ileile. Nilipita katikati yake kwa kasi ambayo sikuwa nimewahi kwenda tangu ujana. Watu waliokuwa wakianika kahawa walisimama kuniangalia. Sikushuka kwa yeyote. Mungu na wazee wanisamehe, nilipunga mkono tu.

Nilipoingia uani kwa Mzee Haonga, mtu wa kwanza kuniona alikuwa Mama Neema. Yule ambaye hakusema nami neno tangu mwezi wa saba. Akanitazama, akamtazama kuku, uso wake ukafunguka. Akaja, akapiga goti, akampokea kwa mikono miwili. Akasema kumbe umekuja kuomba radhi kiungwana.

Nilikuwa sina pumzi ya kusema ukweli.

Nikauliza tu, Mzee yuko wapi. Akaonyesha nyuma ya nyumba. Nikasikia jembe.

Mzee na jirani yake walikuwa wameshaanza. Mzabibu wa kwanza ulikuwa umelala chini, mizizi juu, udongo bado mbichi. Walikuwa wanauzunguka wa pili. Niliita, sijui niliita nini. Mzee akasimama, akafuta jasho, akaniangalia mimi na baiskeli na vumbi lililonipaka tangu nywele hadi viatu.

"Nimesubiri maua, Ndahani," akasema. Hakuwa na hasira. "Kila asubuhi naangalia. Hayakuja."

Hapo ndipo nikaelewa.

Kahawa ikitaka kuzaa inatangaza. Shamba zima linakuwa jeupe, na harufu inakufuata mpaka kitandani. Mtu aliyelima kahawa maisha yake yote anajua mti usiotoa ua jeupe mwaka huo hauna kitu. Alikuwa anangoja weupe. Mimi niliyezaliwa shambani kwa zabibu sikuwaza hata mara moja kumwambia kwamba ua la mzabibu halionekani. Kwetu ni jambo ambalo hakuna anayelisema, kama vile hakuna anayekwambia kwamba maji yanalowesha.

Nilipiga magoti kwenye ule uliolala. Nikafunua majani. Chini yake palikuwa na vichala, vidogo, kijani, mbegumbegu kama ulezi, vingine vimefunguka tayari na vile vinyuzi vyake vyembamba. Nikafunua jani jingine. Vipo. Jingine. Vipo.

"Haya ndiyo maua, mzee," nikasema.

Alisema alikuwa ameyaona. Alidhani ni ugonjwa, wadudu walioacha mayai, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kutaka kung'oa kabla haujaingia kwenye kahawa yake. Akachuchumaa karibu nami. Akakishika kichala kwa vidole viwili, akakisogeza puani. Nikamwambia avute taratibu, harufu yake ni ndogo. Akafumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu. Jirani yake alikuwa ameshaweka jembe chini.

"Ipo," akasema Mzee. "Inanong'ona."

Halafu akauangalia mzabibu uliong'olewa, na uso wake ukabadilika, na nikajua anataka kusema samahani na kwamba mtu wa umri wake akiniambia samahani sitajua pa kuweka macho. Nikachukua mkasi wa baba. Nikamwambia mti huu haujaisha. Kwetu shamba zima linaanzia kwenye mti mmoja uliokatwa vipande. Nikaanza kukata, urefu wa shubiri, kwenye tawi lililokomaa, majani na vichala nikiviondoa, na vile vichala niliviweka pembeni kimoja kimoja kwa sababu sikuweza kuvitupa.

Aliyeleta viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, ni Mama Neema. Hakuombwa. Ana kitalu cha miche ya kahawa na anajua udongo wa kuchanganya na samadi kuliko mimi. Alipanda vipando vyote kwa mkono wake, akavipanga kivulini, akavinyunyizia. Vingine vitakufa, si msimu wake mzuri. Lakini aliyetoka Dodoma na vinne, leo jioni ameacha kuhesabu.

Wa pili tumeurudishia udongo. Mzee amesema kichanja kitajengwa kando ya jiko, jua la pale pia ni jua. Alisema kama vile yeye ndiye aliyewaza tangu mwanzo, nami nikakubali kwamba ni wazo zuri.

Kuhusu kuku. Wakati wa chakula nilimwambia Mama Neema ukweli, kwamba mwenyewe ni mama Tito wa karibu na mashine. Aliweka mwiko chini. Nikaona mwezi wa saba mwingine unakuja. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika mlango, akasema hata kuomba radhi unaazima. Kuku ameshapelekwa. Tumekula maharage, na yalikuwa matamu.

Sasa jua limezama nyuma ya kahawa na nimekaa naandika, na magoti yananiuma kwa namna nzuri. Nimebeba vitu vingi maishani, vya watu, kutoka lori hili kwenda lori lile, na sikuwahi kujua vilikoishia. Vipando vya baba najua vilikoishia. Viko pale kivulini, vimelowa maji.

Mzee ameniuliza vile vichala vya mti uliobaki vitaliwa lini. Nimemwambia karibu na Krismasi. Akasema basi Krismasi nije, na Mama Neema akadakia kutoka jikoni kwamba nije na kuku wangu mwenyewe.

Krismasi hapa ni mvua. Njia ile ya msituni itakuwa matope mpaka kwenye rimu, majani mekundu yatakuwa yamekwisha, na yule bibi wa kuni atacheka zaidi. Je, nitaipanda tena au nitarudi kwenye basi?

Baiskeli nimeiegemeza ukutani, haijaning'inizwa. Kwenye keria Mama Neema ameshafunga viriba viwili kwa kamba ya katani, vimezungushiwa gunia lenye maji. Ni vya mgambo wa pale kizuizini. Kesho akiniuliza nimebeba nini, nitakuwa na la kumjibu.